Kabla Hujakariri Majina ya Madume na Majike kwa Kiingereza, Nenda Pugu

Wiki iliyopita dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, alinitumia ujumbe. Ameitwa kwenye usaili wa ukalimani katika kampuni inayoshughulika na mifugo, akadokezwa kwamba ataulizwa msamiati wa wanyama. Akaniandikia: "Dada, naomba ile orodha ya wanyama dume na jike kwa Kiingereza. Hata ukiipiga picha tu, nitashukuru."

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kuujibu. Orodha ninayo, tena ninayo ya tangu shule ya msingi, kwenye daftari ambalo marehemu bibi yangu alinihifadhia. Lakini sikuweza kuituma hivi hivi. Orodha hiyo hiyo ndiyo iliyoniangusha mbele ya watu, na mpaka leo nikipishana na lori la mbuzi pale Gongo la Mboto, tumbo linanikata.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe mwingine unayetaka kuishi kwa kazi hii ya lugha kama ninavyoishi mimi, kaa nikusimulie. Orodha utaipata humu humu njiani.

Wengi wetu tulifundishwa kwa mtindo mmoja. Mwalimu anachora mstari katikati ya ubao, kushoto madume, kulia majike. "Bull", darasa linaitikia "cow". "Cock", "hen". "Ram", "ewe". "Lion", "lioness". Mimi nilikuwa hodari wa kuitikia. Nilipata 20 kwa 20, daftari langu likazungushwa darasani ili wenzangu waone mwandiko. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka chuo kikuu, nikasoma lugha, nikatoka na matokeo mazuri. Nayasema haya ili uelewe kwamba aliyeumbuka Pugu, kwenye mnada wa mifugo wa hapa Dar es Salaam, hakuwa mvivu.

Ilikuwa 2018. Kampuni moja ya hapa mjini ilimleta mnunuzi kutoka Australia, mtu wa makamo, mwenye kofia pana na buti za ngozi, aliyekuwa akitafuta mbuzi wa nyama. Walihitaji mkalimani wa siku tatu mnadani Pugu. Malipo ya siku tatu zile yangenilipia kodi ya chumba changu cha Tabata miezi mitatu, na wewe unajua mwenye nyumba wa Dar anavyodai kodi yake. Nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Usiku ule nilipitia daftari lote. "Billy goat", "nanny goat", "kid". Nikalala na amani.

Mnada wa Pugu kama hujawahi kufika, fika. Wanyama wametoka Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko, wamesimama safari nzima kwenye lori, vumbi limewakaa mgongoni. Wafugaji na fimbo zao, madalali wanapita katikati ya mazizi wakishika migongo na kufungua midomo kuhesabu meno ili wajue umri. Tulipelekwa kwa dalali mmoja, mzee, mpole wa kauli. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, binti yangu, karibuni."

Mgeni akasema jambo la kwanza. Alitaka nimuulize mzee ana "wethers" wangapi.

Sikuwahi kulisikia neno hilo maishani. Niliyesoma lugha chuo kikuu nikasikia "weather", kwa sababu maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa kabisa, hata Mwingereza hayatofautishi kwa sikio. Nikamgeukia mzee, nikamwambia mgeni anaulizia hali ya hewa. Mzee akatazama juu, akasema mvua bado. Nikatafsiri. Mgeni akanitazama kwa muda mrefu. Akarudia neno lile, safari hii kwa sauti ya juu na taratibu, kama mtu anayesema na kiziwi.

Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa. Ningeuliza. Ningesema tu, samahani, neno hilo silijui, nieleze. Lakini shingo ilikuwa ngumu, na daftari la 20 kwa 20 lilikuwa kichwani. Nikabahatisha. Nikamwambia mzee mgeni anataka madume.

Mzee akatoa vijana wake, wakakusanya mabeberu 40. Walichukua karibu saa nzima. Mgeni alipokaribia, harufu ilimpokea kabla ya mbuzi wenyewe. Akainama, akatazama nyuma ya mnyama wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasimama wima akamwita bwana wa kampuni pembeni. "Wether" ni mbuzi au kondoo dume aliyehasiwa. Ndiye hasa alimtaka, kwa sababu aliyehasiwa hunenepa vizuri na nyama yake haina ule mnuko wa beberu. Mimi nilimletea mabeberu 40 wenye vyote vyao.

Waliniambia nikapumzike garini. Kazi ikamaliziwa na dereva. Dereva! Kijana aliyekulia kwa wafugaji Singida, Kiingereza chake cha kuungaunga, kitenzi hakipatani na nafsi, lakini mgeni aliponyoosha kidole na kuigiza kukata, yeye akamgeukia mzee akasema, "Mzee, anataka maksai, ila wa mbuzi." Basi. Biashara ikaenda. Mimi nililipwa siku moja, na namba yangu haikupigwa tena na kampuni ile.

Nilipokuwa nashuka garini kuondoka, yule mzee alinifuata. Hakunicheka. Alisema, "Binti, Kiingereza unacho. Mbuzi huna."

Nililia kuanzia Pugu mpaka Tabata, ndani ya daladala, na sioni aibu kulisema.

Miezi iliyofuata siisimulii, haina cha kukufaa. Nilichofanya ni kurudi kwa mzee yule Jumamosi baada ya Jumamosi, bila malipo, bila mgeni, nikiwa na kalamu. Na somo la kwanza alilonipa lilinivunja mfumo mzima wa ule mstari wa katikati ya ubao. Mzee hakuanza kabisa na dume au jike. Kila mnyama aliyeletwa mbele yake, maswali yake yalikuwa haya: Huyu kazaa au bado? Kahasiwa? Meno mangapi? Ni wa maziwa, wa nyama, wa mbegu, au wa kukokota? Akishajibiwa hayo, jina linakuja lenyewe.

Usiku narudi nyumbani, nafungua kamusi, na nagundua kwamba mfugaji wa Kiingereza naye anauliza maswali yale yale. Chukua ng'ombe. Mtamba, ambaye hajazaa, ni "heifer". Akishazaa ndipo anakuwa "cow" wa kweli. Dume la mbegu ni "bull". Aliyehasiwa ili aliwe nyama, Mmarekani na Mwaustralia watamwita "steer", Mwingereza mara nyingi atamwita "bullock". Aliyefundishwa kuvuta jembe au mkokoteni ni "ox", na wakiwa wengi ni "oxen", wingi wa ajabu ambao shuleni tuliukariri bila kuambiwa ni mnyama gani hasa. Sisi hao wa kuhasiwa tunawaita maksai wote. Sasa fikiria mkataba umeandikwa "steers" 30, nawe umetafsiri "madume 30". Mfugaji wako ataleta mafahali, mnunuzi atakataa kulipa, na mafahali wale watapigana zizini usiku kucha, maana wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kondoo ni hivyo hivyo: "ram", "ewe", "lamb", na aliyehasiwa ni "wether" tena. Mbuzi, wafugaji wenyewe hupenda "buck" na "doe". "Billy" na "nanny" ni majina ya nyumbani, ya hadithi za watoto, na ndiyo hayo tu niliyokuwa nayo mimi siku ile. Kuku, na hapa wengi wa Chanika na Kivule mnaofuga wa mayai nisikilizeni: mtetea anayekaribia kutaga ni "pullet", pora ambaye hajaanza kuwika ni "cockerel", kisha ndipo waje "hen" na "cock". Ukiagiza "pullets" ukidhani umeagiza kuku wanaotaga kesho, utalisha kwanza kwa muda bila kuokota yai. Nguruwe jike ambaye hajazaa ni "gilt", aliyezaa ni "sow", dume lake "boar".

Farasi wana majina hata yanachosha: "stallion", "mare", "foal", "colt" wa kiume, "filly" wa kike, "gelding" aliyehasiwa. Sisi wa Dar farasi wengi wetu tumewaona wa polisi tu, kwa hiyo hatukuhitaji majina sita. Mwingereza alipanda farasi, alilima kwa farasi, alikwenda vitani na farasi. Alihitaji kujua kwa neno moja ni farasi wa namna gani unayemletea.

Na hili ndilo jambo nililotaka kukwambia tangu mwanzo, mdogo wangu. Lugha humpa mnyama majina mengi kadiri watu wake wanavyoishi naye. Kiswahili tunafanya vile vile. Jogoo ana jina lake, beberu ana jina lake, fahali ana jina lake, kwa sababu wako uani kwetu. Simba hayuko uani, kwa hiyo tunasema simba dume, simba jike, inatosha.

Ukilishika hili, nusu ya orodha huhitaji kuikariri. Waingereza hawakuwa na simba porini kwao, jina lenyewe waliazima kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, na jike wakamfungia mkia wa Kifaransa, wakapata "lioness". Chui milia naye akawa "tigress". Walipofika kwa tembo hawakubuni kitu, waliazima majina ya ng'ombe wao wa nyumbani. Tembo dume ni "bull", jike ni "cow", mtoto ni "calf". Nyati hivyo hivyo, twiga hivyo hivyo, kiboko, faru, hata nyangumi baharini. Pundamilia aliwakumbusha farasi, wakampa "stallion" na "mare". Swala pala aliwakumbusha kondoo, akawa "ram" na "ewe". Mbuni akapata ya kuku, "cock" na "hen". Wewe unayepeleka wageni Mikumi au Hifadhi ya Nyerere, muulize moyo wako: mnyama huyu anafanana na nani wa zizini? Ukikwama, sema "male" na "female". Kwa mnyama wa porini maneno hayo mawili hayajawahi kumwaibisha mtu. Fisi wenyewe hawana zaidi ya hayo, pamoja na kwamba jike la fisi madoa ni kubwa kuliko dume na ndilo linalotawala kundi.

Na usiingie kwenye lugha hii umejikunyata kama mtu anayeingia nyumba ya tajiri. Wana mapengo yao. Kiingereza cha kila siku hakina neno la ng'ombe mmoja ambaye hujui ni dume au jike. "Cattle" ni wengi tu, huwezi kumhesabu mmoja. Ndiyo maana wanasema "cow" kwa kila ng'ombe, hata fahali, na mtaalamu akisikia anakunja uso. Sisi tunasema ng'ombe, tumemaliza. Kwa bata, jina la jike limewafunika wote: "duck" ni bata yeyote, lakini ukitaka dume useme "drake". Kwa bata bukini vivyo hivyo, "goose" wote, dume "gander". Kwa mbwa ikageuka, jina la dume ndilo la wote.

Hilo la mbwa linanileta kwenye onyo. "Bitch" ni jina halali la mbwa jike, daktari wa mifugo na mfugaji wanalitumia bila kupepesa macho, lakini nje ya hapo ni tusi zito kwa mwanamke. Mbele ya watu usiowajua sema "female dog". "Cock" nalo lina maana nyingine ya aibu, na Wamarekani wamelikimbia kabisa, wanasema "rooster". Sisi tunaelewa, maana beberu wetu naye ana maisha mawili. Siku ukikalimani hotuba ya kisiasa ukasikia "mabeberu", tafadhali usiwapeleke wageni zizini. Hao ni "imperialists".

Masikio nayo yafunze. "Wether" nimeshakueleza, kwa machozi yangu. "Ewe" imeandikwa kama unavyomwita mtu, ewe ndugu yangu, na nimesikia watu wazima wakiisoma hivyo mbele ya wageni. Hutamkwa kama "you". "Gilt" husikika kama neno la hatia, "boar" kama la mtu anayechosha, "doe" kama donge la unga wa mkate. Daftari halina sauti. Ndiyo maana nasema na nitarudia kusema: nenda zizini. Kama Pugu ni mbali, nenda machinjioni Vingunguti. Kama jirani yako ana mbuzi watatu, kaa na jirani yako. Muulize huyu kazaa, huyu kahasiwa, huyu ana meno mangapi. Kisha ndipo ufungue kamusi.

Vijana wa siku hizi mnanisikitisha kwa jambo moja. Mnataka picha ya orodha. Mnataka neno lije peke yake, bila mnyama, bila jasho, bila mzee wa kumwamkia. Nilikuwa hivyo, nikalipwa siku moja kati ya tatu. Na usione haya kusema "neno hili silijui". Mkalimani anayeuliza analipwa. Anayebahatisha anapumzishwa garini. Ukijua mnyama, hata neno likikukimbia utaeleza: dume aliyehasiwa, jike ambaye hajazaa. Dereva yule hakuwa na neno, alikuwa na mbuzi kichwani, na alinipokonya kazi kwa haki.

Mwezi uliopita nilirudi Pugu na mgeni. Kampuni nyingine, mtu mwingine, Mwingereza mwenye shamba la ng'ombe aliyetaka mitamba ya kufuga, siku mbili. Nilimpeleka kwa mzee wangu yule yule, sasa anatembea kwa mkongojo. Tulipita zizi kwa zizi. Mgeni anasema, nasema. Mzee anasema, nasema. Hakuna neno lililodondoka.

Siku ya pili, karibu saa sita, mgeni alisimama kwa mtamba mmoja mwekundu, amenona, mgongo umenyooka. Akanyoosha kidole, huyu namtaka. Mwenye ng'ombe alikuwa ametaja bei nzuri. Mzee akamuuliza mwenye ng'ombe jambo moja dogo kwa sauti ya chini, alizaliwaje. Akajibiwa, alizaliwa pacha. Na mwenzake? Dume. Mzee akanigeukia, "Binti, mwambie huyu ni wa nyama tu. Pacha wa dume huyo, hatazaa."

Nilishakutana na jambo hilo kwenye kusoma kwangu kwa usiku. Ndama jike akikaa tumbo moja na dume, damu zao huchanganyika, na vichocheo vya dume humharibu asipate uzazi, zaidi ya majike 9 kati ya 10 huwa hivyo. Nikamgeukia mgeni nikamwambia neno moja tu, "freemartin".

Akanyamaza. Akamtazama yule mtamba, akanitazama mimi, akaniuliza nimekulia shamba gani. Nikamwambia Tabata.

Tulipokuwa tunaondoka, mzee alinishika mkono. "Ulimwambia neno gani pale, akaelewa haraka hivyo?"

"Freemartin, mzee. Ndilo jina la jike pacha wa dume."

"Frimatini," akasema. Akalirudia mara mbili tatu, akilionja. "Kumbe na wao wanamjua." Kisha akaniomba nimwandikie kwenye kitabu chake cha hesabu, chini ya bei za asubuhi ile, akakifunga, akaenda kutazama lori lililokuwa linaingia.